Uzi: Eti Pwani haikupigania uhuru?

1/ Kila ikikaribia Oktoba na Desemba, kuna maneno mawili hurudi kwenye simu zetu. La kwanza: "Nyinyi watu wa Pwani hamkupigania uhuru, mlikuwa mmelala chini ya mnazi." La pili ndilo jibu lake: "Kwani nani kawaambia Pwani ni Kenya? Sisi tulikodishwa tu." Leo tunayafungua yote mawili.

2/ Mnaofuata nyuzi zangu mwajua sheria za hapa. Simtaji mwanasiasa, sitaji chama cha siasa, awe wa leo au wa zamani. Tunachukua neno linalorushwa kwenye mijadala, tunauliza limetoka wapi, lina ukweli kiasi gani, na linatumika kufanya nini. Ukija na matusi utatolewa. Uzi ni mrefu, kwa hivyo shika chai yako kabisa.

3/ Kilichonifanya niandike ni hiki. Huku kwetu vijana wameanza kuandaa mabaraza ya historia mtaani. Hakuna tisheti wala mgeni wa heshima. Ni viti vya plastiki, mikeka, spika ya kuazima, wazee wanne watano, na mwalimu mmoja mstaafu mwenye faili la fotokopi. Kanuni ni moja: ukisema jambo, useme uliliona mwenyewe, ulihadithiwa na nani, au ulilisoma wapi. Nimehudhuria matatu: Changamwe, Kisauni na Likoni.

4/ Kwa asiyeijua Mombasa: mji wenyewe ni kisiwa. Changamwe iko magharibi, Kisauni kaskazini, Likoni kusini, ng'ambo ya feri. Mimi ni mtu wa ng'ambo hasa. Nyanya yangu ni Mdigo wa Likoni. Babu yangu, mume wake, alitoka Ukambani akaja kutafuta kazi bandarini. Nimezaliwa Likoni, nimekulia Changamwe. Kwa nini tulihama, nitaeleza mbele.

CHANGAMWE

5/ Baraza la kwanza. Kabla hata salamu hazijaisha, kijana wa bodaboda akainua mkono. "Mwalimu, tuambiane ukweli. Msituni walienda watu wa bara. Sisi huku tulifanya nini?" Watu wakacheka, lakini kicheko kile kilikuwa cha aibu kidogo. Hilo swali kila mtu pale alikuwa nalo.

6/ Mwalimu hakukasirika, alianza kwa kukubali. Vita vya silaha vya Mau Mau vilipiganwa zaidi kwenye milima na misitu ya kati. Hali ya Hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa, na makumi ya maelfu wakafungwa kwenye kambi. Hakuna baraza la Pwani linaloweza kupunguza deni hilo hata kwa senti. Baadhi ya kambi zenyewe zilikuwa upande huu wa nchi: Manyani, Mackinnon Road, kisiwa cha Manda, na Hola, ambako wafungwa 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959.

7/ Kisha akauliza: "Lakini nani alisema uhuru ulidaiwa msituni peke yake?" Akafungua faili. Mwaka 1934 makuli wa bandari ya Kilindini waligoma. Mwaka 1939 mgomo ukasambaa kutoka kazi moja hadi nyingine, na malalamiko makubwa yalikuwa nyumba na mshahara. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi. Vita vya Mau Mau bado miaka 13.

8/ Halafu ukaja mgomo mkubwa. Jumatatu tarehe 13 Januari 1947, Mombasa ilisimama. Takriban wafanyakazi 15,000 waliacha kazi: makuli, watu wa reli, wa mahotelini, mpaka wapishi na maboi wa majumba ya Wazungu. Meli zilikaa bila kupakuliwa. Bei za vitu zilikuwa zimepanda tangu vita vya dunia, nyumba hazikutosha, na mtu mweusi alilipwa kidogo kuliko mwenzake wa rangi nyingine kwa kazi ileile. Serikali ikaleta askari. Mgomo ulidumu karibu siku 12.

9/ Wagomaji walikutana kila siku kwenye uwanja wa mpira huko Majengo. Waliupa jina wenyewe: Kiwanja cha Maskini. Wa Changamwe walivuka Makupa kwa miguu kwenda kusikiliza. Hapo ndipo chama cha wafanyakazi wote kilipozaliwa, kikaja kuitwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika. Hakikuwa chama cha makuli peke yao, wala cha kabila moja. Ulikuwa huulizwi unatoka wapi. Ulikuwa unaulizwa umeacha kazi ama hujaacha.

10/ Aliyekuja kuwa sauti ya shirikisho hilo aliitwa Chege Kibachia. Shikeni jina hili. Alikuwa kijana kutoka Kiambu aliyekuwa akifanya kazi hapa Mombasa. Yaani mgomo mkubwa kabisa wa Pwani, msemaji wake alikuwa mtu wa bara, na waliomsikiliza walikuwa Wamijikenda, Wakamba, Wataita, Waluo, Waswahili, kila mtu. Agosti 1947 alikamatwa, akapelekwa Kabarnet, Baringo, akawekwa huko karibu miaka 10.

11/ Serikali ilimwogopa kwa sababu moto ulikuwa umeanza kupanda reli kuelekea bara. Shirikisho lilikuwa limeanza kupata wafuasi Nairobi na kwingineko. Septemba 1947, majuma machache tu baada ya kukamatwa kwake, polisi waliwapiga risasi wagomaji wa kiwanda cha nyama cha Uplands, karibu na Limuru, na watu 3 wakafa. Kwa hivyo mtu akikuambia wazo la kudai haki kwa umoja lilitoka bara likaja Pwani, mwambie mwaka 1947 lilisafiri kwa njia ya kinyume.

12/ Baada ya mwalimu, akasimama bibi mmoja. Huyu hakuwa na karatasi. Alisema mamake alikuwa akiuza mbaazi na mahamri kwa makuli. Mgomo ulipoanza, wateja hawakuwa na pesa. "Mama aliwalisha kwa deni. Wengine walilipa, wengine hata sura zao hakuziona tena. Sie tulilala na njaa sio kwamba tuligoma, ila tuliwalisha waliogoma. Sasa nyie mwaandika majina ya mashujaa. Haya, mama mwamwandika wapi?" Hakuna aliyemjibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikinakili tarehe, nikaiweka kalamu chini.

13/ Akafuata mzee ambaye babake alikuwa kuli. Alieleza vizuri sana: foleni ya alfajiri, serahangi akichagua huyu na kumwacha yule, kazi ya siku moja moja. Akasema mgomo wa babake ulikuwa wa 1947. Mwalimu akamuuliza kwa adabu: "Mzee, wakati ule wa mgomo ulikuwa umeanza shule?" Ndiyo, nilikuwa na miaka tisa. Wakapiga hesabu pamoja. Basi ni mgomo mwingine, wa Machi 1955, makuli walipoacha kazi katikati ya Hali ya Hatari na wakarudi na nyongeza ya mshahara. Mzee akacheka: "Basi nimekuwa nikimzidishia baba umri wa ushujaa."

14/ Napenda tukio hilo kwa sababu mzee hakuwa mwongo. Kumbukumbu yake ya foleni ni dhahabu, hakuna faili litakalokupa harufu ya lile jasho. Karatasi ilimsaidia na mwaka tu. Baraza zuri hufanya hivyo, huweka kumbukumbu na karatasi meza moja. Mwaka 2013 Uingereza ililipa fidia kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, na kesi hiyo ilishika nguvu wazee walipotoa ushahidi wao na mafaili yaliyofichwa kwa miaka mingi yakapatikana. Kimoja bila kingine kisingetosha.

15/ Na msidhani ni mambo ya kale. Mwaka 2019 amri ilipotoka kwamba kontena za bandari zipelekwe bara kwa reli mpya, watu wa malori, mabohari na vibanda vya chakula waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Kituo cha reli hiyo kiko Miritini, hapahapa upande wetu. Yule kijana wa bodaboda babake alikuwa dereva wa lori. Mwalimu akamwambia: "Uliuliza sisi tulifanya nini. Ulichokiona wewe 2019, babu zako walikifanya 1947 mbele ya askari wa mkoloni."

KISAUNI

16/ Baraza la pili tulikaa si mbali na Kengeleni. Wengi hupita pale na matatu bila kujua jina limetoka wapi. Limetokana na kengele ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa Kianglikana walikianzisha miaka ya 1870 kwa watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kengele ililizwa kuwatahadharisha watu hatari ikija. Waliokaa pale walitoka mbali, wengine mpaka huko Nyasa, na wengine walikuwa wamepitia India kwanza.

17/ Kwa hivyo ukiuliza "uhuru ulianza lini Kisauni?", jibu la wazee wa pale haliwi 1963. Kwao uhuru ulianza na mtu kutoka kwenye mnyororo. Watumwa waliotoroka mashamba walikimbilia Rabai, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya 1,400 kati yao walipewa karatasi za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa. Angalia: bwana alilipwa, mtumwa akapewa karatasi. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria hapa mwaka 1907.

18/ Mwaka mmoja baadaye, 1908, ikaja sheria ya kusajili ardhi ya Pwani. Hii ndiyo mama wa kelele zote za maskwota mnazozisikia kila uchaguzi. Sheria ilitaka mtu alete dai lake mbele ya msajili. Kisichodaiwa kikawa ardhi ya serikali ya mkoloni. Sasa fikiria: ardhi ya Wamijikenda ilikuwa ya ukoo na ya kaya, haina mmoja wa kusema "yangu". Na aliyetoka utumwani mwaka jana angedai nini, kwa ushahidi gani? Hati nyingi zikaenda kwa waliojua njia ya kwenda ofisini.

19/ Ndiyo maana Mombasa tuna kitu ambacho ndugu wa sehemu nyingine hawakielewi: nyumba bila ardhi. Umejenga kwa jasho lako, matofali yako, mabati yako, lakini mchanga ulio chini ni wa mtu mwingine, na humjui sura. Mama mmoja wa Kisauni alituonyesha mkoba wa risiti alizokatiwa za kodi ya kiwanja, wa mamake na wa kwake. "Hii ndiyo historia yangu ya uhuru," akasema. "Kabla ya bendera twalipa, baada ya bendera twalipa."

20/ Hata Likoni, ambako hati za lile shamba kubwa la ekari 930 zilitolewa 2016 baada ya mvutano wa miaka mingi, ilibidi serikali kwanza imnunue mwenye hati. Kumbuka wale mabwana wa 1889. Sisemi ni jambo moja. Ila kila mara Pwani inapokombolewa, mwenye karatasi ndiye hulipwa kwanza. Kwa nini iwe hivyo hata baada ya 1963? Hapo ndipo Likoni inapotuletea jibu.

LIKONI

21/ Baraza la tatu ndilo lililojaa kuliko yote, na ndilo nililoliogopa. Mada ilikuwa lile neno la pili: "tulikodishwa." Tuanze na lililo kweli. Desemba 1895 Uingereza iliafikiana na Sultani wa Zanzibar: ukanda wa pwani wa maili 10 uendeshwe na Uingereza, Sultani abaki na enzi yake na alipwe kila mwaka. Ndiyo sababu tangu 1920 jina rasmi likawa Koloni na Himaya ya Kenya. Koloni ni bara, Himaya ni huku. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus mpaka uhuru ulipokuja.

22/ Na kabla mtu hajasema Pwani ilimpokea Mwingereza kwa kahawa na halua: mwaka huohuo wa 1895 Wamazrui wa Takaungu na Gasi waliingia vitani naye, na Mbaruk bin Rashid alipigana mpaka 1896 alipolazimika kuvuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Gasi ni barabara hiihii ya Likoni ukishuka kusini. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasitoe vijana wala kodi. Alihamishwa mbali magharibi, akatoroka, akarudi. Sanamu yake iko Malindi leo.

23/ Sasa lisilo kweli. Wengi wameaminishwa kwamba kuna mkataba wa miaka 50 uliokwisha 2013. Mwalimu aligawa nakala ya mapatano yaliyotiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963. Kijana mmoja akayasoma kwa sauti, sentensi moja moja, mwingine akatafsiri. Hakuna miaka 50 mle. Kuna Sultani kuacha enzi yake, na ukanda kuwa sehemu ya Kenya. Yaliisha hapo. Kuna mzee aliomba yasomwe tena. Yakasomwa tena.

24/ Lakini kulikuwa pia na barua, waziri mkuu wa upande mmoja kwa wa upande wa pili, Oktoba hiyohiyo. Ziliahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi (hizo zipo mpaka leo, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010), na jambo moja ambalo watu hulipita haraka: hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitaendelea kutambuliwa. Hati zipi? Zilezile zilizoanza na sheria ya 1908. Yaani uhuru ulipokuja, mlango wa ardhi ulikuwa umefungwa na ufunguo umewekwa ndani. Yule mama wa Kisauni na mkoba wake wa risiti, jibu lake liko kwenye barua ile.

25/ Je, watu wa Pwani waliulizwa? Kamishna mmoja, Sir James Robertson, alikuja 1961 akasikiliza maoni na akapendekeza ukanda uungane na Kenya. Kura haikupigwa. Na maoni hayakuwa mamoja. Kulikuwa na waliotaka Mwambao ujitenge, waliotaka majimbo, na waliotaka serikali moja. Wamijikenda wengi hawakutaka Mwambao, waliogopa kurudi chini ya mabwana wa zamani. Kwa hivyo anayesema leo "Pwani ilitaka hivi" ujue ameshachagua nani ni Pwani na nani si Pwani.

26/ Hapa ndipo ninapolazimika kutimiza ahadi ya pale juu. Kabla ya usiku wa 13 Agosti 1997, karatasi zilisambazwa Likoni zikiwaambia watu wa bara warudi kwao. Usiku huo kituo cha polisi kilivamiwa, polisi wasiopungua 6 wakauawa. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu wakakimbia. Kisha msako ukawageukia vijana wa Kidigo, wakakamatwa ovyo na kupigwa. Nilikuwa na miaka tisa. Tulilala kanisani siku tatu, halafu tukavuka feri na magodoro.

27/ Babu yangu alikuwa kuli. Aligoma 1955. Alikuwa ameoa Likoni, amezaa Likoni, anazungumza Kidigo kuliko wajukuu zake. Karatasi ile ilimwambia arudi kwao. Hakurudi Ukambani, alienda Changamwe, na hakuvuka tena feri mpaka anakufa. Nyanya alikuwa akivuka peke yake kwenda kuwaona nduguze. Sasa ona leo: jamaa zangu wa upande wa babu huwaambia wa upande wa nyanya "hamkupigania uhuru." Wa upande wa nyanya hujibu "nyinyi ni wageni." Ni kundi moja la familia la WhatsApp.

28/ Nilisema haya pale barazani. Sikuwa nimepanga. Kukawa kimya. Mzee mmoja wa Kidigo akauliza jina la babu, nikamtajia. Akasema: "Nlimjua. Tulikuwa genge moja bandarini. Ile karatasi nliiona siku mbili kabla. Nkanyamaza, nkasema haitafika kwetu." Hakuomba msamaha na mimi sikumwomba aombe. Alisogeza kiti, nikakaa karibu naye, mwalimu akaendelea. Baraza lilipokwisha akanieleza babu alivyokuwa akiimba wakibeba magunia. Sikuwahi kujua babu yangu aliimba.

29/ Basi turudi kwenye maneno yetu mawili. "Hamkupigania uhuru": si kweli. Pwani ilipigana vita vya mwanzo dhidi ya Mwingereza, na Mombasa ikawa shule ya mgomo miaka mitano kabla ya Hali ya Hatari. "Tulikodishwa": ilikuwa kweli mpaka 1963, baada ya hapo si kweli, ila malalamiko ya ardhi yaliyo nyuma yake ni ya kweli kabisa. Hata Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika kwenye ripoti yake ya 2013.

30/ Lakini nataka mtazame maneno hayo yanatumika kufanya nini. Yote mawili yanajifanya swali la historia. Kwa kweli yanauliza: nani ana haki ya kuwa hapa? Anayetaka kukunyima kazi, kiwanja au kura hutafuta kwanza njia ya kusema babu yako hakuwepo. Leo ni maneno ya simu. Mwaka 1997 yalikuwa karatasi chini ya mlango. Kwa hivyo mwanasiasa yeyote akipanda jukwaani na moja ya sentensi hizi, muulize papo hapo: "Ukishamaliza hesabu ya nani alipigana, unataka nani ahame?"

31/ Na mkiwa na swali la pili, liwe hili: waliogoma 1947 walidai mshahara unaotosha, nyumba ya kuishi, na malipo sawa. Waliosajiliwa nje mwaka 1908 walitaka kipande cha ardhi kilicho chini ya miguu yao. Mgombea ana mpango gani na hayo manne? Hapo utaona mjadala unavyopoa, maana hilo halijibiwi kwa kupiga kelele.

32/ Mwisho, kwa wanaotaka kuanzisha baraza mtaani kwao. Anzeni na wazee waliozidi miaka 80, hawa hawangoji. Rekodini sauti kwa simu, kwa idhini yao. Andikeni tarehe na jina la aliyesema. Ombeni karatasi: kipande, kadi ya chama cha wafanyakazi, risiti za kiwanja, picha. Pigeni picha, mrudishe karatasi siku hiyohiyo. Mzee akikosea mwaka, msimcheke, pigeni hesabu naye. Na muwaalike wote wa mtaa, hata wale mnaogombana nao, ama hasa hao.

33/ Baraza linalofuata litakuwa Changamwe tena. Yule bibi wa mahamri ameahidi kuja na daftari la deni la mamake, anasema bado liko chini ya sanduku. Vijana wameamua majina yaliyomo yasomwe kwa sauti, tuone ni familia zipi bado zipo mtaani. Kuna mtu tayari ameshasema, nusu utani, kwamba babake akiwemo atalipa. Nitaleta habari.

34/ Kama una mzee wako aliyegoma 1947 au 1955, au aliyelisha waliogoma, mwandike hapa chini: alifanya kazi gani, alikaa mtaa gani. Kabila si lazima.